Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga makazi na biashara kuzunguka vituo vya mwendokasi Dar es Salaam

Maswali haya kuhusu vituo vya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia yao wenyewe, hurudiwa kwenye mikutano ya mitaa, kwenye kaunta za ardhi za manispaa na miongoni mwa wanafunzi wa mipango miji. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee. Jibu likishatolewa mahali pengine, tumeelekeza kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Kituo si kimeshajengwa? Kupanga eneo la kituo maana yake nini?

Kituo ni jukwaa, dirisha la tiketi na milango. Eneo la kituo ni kila anachokutana nacho abiria kuanzia kizingiti cha nyumba yake hadi kwenye jukwaa hilo: kichochoro, mtaro, taa, duka la dawa, shule, mahali pa kuvukia. Kulipanga ni kuamua nani ataishi humo, atafanya biashara gani, atapita wapi kwa miguu na maji ya mvua yatatokea wapi, ili watu wengi wapande basi bila kulipa nauli ya pili kufika kituoni.

Mji unaotajwa sana ni Curitiba, Brazili. Mpango wake wa miaka ya 1960 uliamua kwamba majengo marefu yasimame kwenye mihimili michache tu, na kuanzia 1974 mabasi yakapitishwa kwenye mihimili hiyohiyo. Ruhusa ya ghorofa na njia ya basi vilizaliwa pamoja. Dar es Salaam haikupata bahati hiyo. Awamu ya kwanza, kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kazi Mei 2016 katikati ya mitaa iliyokuwepo miongo mingi: Manzese, Magomeni, Kinondoni. Kwa hiyo kazi ya hapa ni kurekebisha mji ambao watu tayari wanaishi ndani yake, na kila mstari unaochorwa unapita kwenye ua wa mtu.

2. Eneo la kituo linaishia umbali gani?

Kwa kawaida huhesabiwa dakika 10 za kutembea. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 80 kwa dakika, yaani mita 800. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi, au mzee, huenda mita 60 kwa dakika au chini yake, kwa hiyo dakika zake 10 ni mita 600. Kwa joto la Februari hapa Dar, sisi tunapendekeza kituo cha basi kipangiwe mita 500, na mita 800 zibaki kwa vituo vikubwa vya kubadilishia kama Ubungo, Gerezani na Kimara.

Duara la mita 500 lina hekta 78 hivi. Lakini mtu hatembei kwa kunyooka kama ndege. Hata mitaa ikikatana vizuri kwa pembe mraba, umbali huo wa kutembea hufikia takriban asilimia 64 tu ya duara. Ukuta mrefu wa kiwanda au taasisi, bonde lisilo na kivuko, au vichochoro vilivyozibwa hupunguza kiwango hicho hadi chini ya theluthi moja. Ndiyo maana kufungua kichochoro kimoja cha mita 2 kunaweza kuleta abiria wengi kuliko kujenga ghorofa jipya.

3. Mtaa wetu unaweza kujipimia wenyewe?

Ndiyo, na ni vizuri ufanye hivyo kabla mtaalamu hajaja na ramani yake. Tafuteni watu 6 wenye simu zinazorekodi njia. Wote waanzie kwenye mlango wa kituo, wala si katikati ya barabara, kisha kila mmoja aende upande wake kwa dakika 10 kwa mwendo wa kawaida, akipita njia ambazo watu huzipita kweli. Unganisheni sehemu walizoishia. Umbo mtakalopata ndilo eneo lenu halisi.

Rudieni zoezi saa 1:30 usiku, na mara nyingine baada ya mvua. Umbo la usiku husinyaa kwa sababu watu hukwepa vichochoro vya giza, na la mvua husinyaa zaidi. Tofauti kati ya maumbo hayo matatu ndiyo orodha ya kazi: hapa taa, pale kalivati, kule mfuniko wa mtaro. Kwenye kila kizuizi piga picha na uandike kipimo kwa sentimita. "Njia mbovu" haimsaidii mhandisi. "Mtaro wazi, upana sentimita 60, mita 14, mbele ya msikiti" anaweza kuufanyia makadirio ya gharama.

4. Dawa si ni kujenga maghorofa tu karibu na vituo?

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Ghorofa halimaanishi watu wengi.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6, ukumbi katikati, uani choo na jiko, kwenye kiwanja cha mita za mraba 300. Kila chumba kina kaya, na kila kaya ina watu 3. Hao ni watu 18. Ibomoe, jenga ghorofa 3 zenye fleti moja kubwa kila sakafu na maegesho chini. Zikijaa ni kaya 3 za watu 5, yaani watu 15, na huenda kila kaya ina gari. Mtaa umependeza kwenye picha, kituo kimepoteza abiria.

Sasa tazama kwa ukubwa wa eneo. Tuseme asilimia 35 ya ardhi ni barabara, shule na huduma nyingine. Kwenye hekta moja zinabaki mita za mraba 6,500, yaani viwanja 21 vya mita 300. Kwa watu 18 kila kimoja ni watu 378 kwa hekta, karibu 29,500 ndani ya hekta 78. Mtaa wa viwanja vya mita 800 wenye nyumba moja ya watu 5 hauna hata watu 45 kwa hekta. Wote hao hawajazi hata kituo kidogo.

Kwa hiyo uswahilini tayari kuna watu wa kutosha. Kinachokosekana ni nafasi ya ndani, choo, njia na hewa. Ghorofa linafaa pale linapowapa watu walewale, au zaidi yao, nafasi bora: fleti ndogo za chumba kimoja na viwili, maduka chini, maegesho machache au hakuna kabisa. Magomeni Kota ni mfano wa kwenda kuuona. Nyumba za zamani zilibomolewa, na majengo mapya yaliyozinduliwa 2022 yalitengwa kwa kaya 644 zilizokuwa wapangaji pale, hatua chache kutoka njia ya mwendokasi.

## Kufika kituoni

5. Njia ya waenda kwa miguu iwe na upana gani?

Mita 2 safi ni kiwango cha chini: viti viwili vya magurudumu vipishane. Ndani ya mita 150 za kituo weka mita 3 hadi 4. Neno "safi" ndilo la kushikilia. Nguzo ya umeme, tangazo la kampuni ya simu, mti na meza ya vocha vyote vinatolewa kwenye hesabu. Njia ya mita 3 yenye nguzo katikati ni njia mbili za mita 1.3, na hakuna hata moja inayotosha.

Mtaro ukiwa kando ya njia, ufunike. Mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa hiyo tumia zege lenye nondo. Kipande cha sentimita 60 kwa 50, unene sentimita 10, kina uzito wa kilo 72 hivi. Watu wawili wanakiinua kwa vishikio siku ya kuzoa mchanga. Kikiwa kizito kuliko hapo hakitainuliwa, mtaro utaziba, na maji yatapita juu ya njia uliyoijenga.

Kona zote zishuke kwa mteremko usiozidi 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo ipate sentimita 12 za urefu.

6. Kwa nini msijenge madaraja ya juu ili watu wasigongwe?

Piga hesabu ya daraja lenyewe. Malori yanahitaji mita 5.5 chini yake; ukiongeza unene wa sakafu unapanda mita 6. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 huo ni urefu wa mita 72 kila upande, na ukiweka pa kupumzikia kila mita 9 unafika mita 82. Mwenye kiti cha magurudumu anazungushwa karibu mita 200 ili avuke barabara ya mita 40. Lifti zikiwekwa zinahitaji umeme usiokatika na fundi wa kudumu. Mwenye haraka ataruka uzio, na ndiye atakayegongwa.

Vituo vya barabara ya Morogoro vipo katikati ya barabara, na hiyo ni faida. Abiria havuki barabara nzima, anavuka upande mmoja tu wa magari, mita 7 hivi. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde hizo ni sekunde 6, na kwa mzee sekunde 8. Kivuko cha chini kilichoinuliwa sentimita 10 kama tuta bapa, chenye pundamilia na taa ya kusimamisha magari, kinawahudumia wote. Daraja libaki kwa barabara ambazo magari hayawezi kusimamishwa kabisa, au pale ardhi yenyewe iko juu pande zote mbili.

7. Bodaboda na bajaji: ziondolewe au zipangwe?

Zipangwe. Bila hizo anayeishi kilomita 2 ndani ya Kimara hafiki kituoni. Tatizo ni pale zinaposimama: mdomoni mwa kituo, juu ya njia ya miguu, kwa sababu ndipo abiria anapotokea.

Makadirio mepesi: kituo kinachoshusha watu 1,500 saa ya jioni, mmoja kati ya watano akipanda boda, ni safari 300. Boda moja ikienda na kurudi kwa dakika 10 inafanya safari 6 kwa saa, kwa hiyo boda 50 zinatosha, na kati ya hizo kama 20 ndizo zitakuwa zimesimama kwa wakati mmoja. Kila moja inahitaji mita za mraba 2.5 pamoja na ya kugeuzia. Mita za mraba 50 zenye kivuli, ndani ya mita 40 za mlango na upande abiria anakotokea, zinamaliza ugomvi. Ukiwapeleka mita 150 nyuma ya jengo, kesho watakuwa wamerudi. Kaeni na viongozi wa kijiwe kabla ya kuchora, maana wao wanajua mvua ikinyesha abiria hukimbilia wapi.

Daladala za kulisha njia kuu zifuate kanuni hiyohiyo: zishushe mahali pa kutembea mita zisizozidi 100, bila ngazi, chini ya paa.

8. Mbona hamweki maegesho makubwa ya magari vituoni?

Gari moja, pamoja na njia ya kugeuzia, linakula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 100 ni mita za mraba 2,500 au zaidi. Likija kila moja na mtu 1.3 kwa wastani, wote ni abiria 130, pungufu ya basi moja la mita 18 lililojaa, ambalo hubeba watu 150 hivi. Ardhi hiyohiyo ingebeba soko, zahanati na mamia ya wakazi. Mahali pekee ambapo maegesho yana hoja ni mwisho wa njia, kule ambako viwanja ni vikubwa na daladala ni haba; hata huko yatozwe ada, na yawekwe nyuma ya maduka. Baiskeli ni jambo jingine: nafasi ya gari moja inatosha baiskeli 10.

9. Miti gani ipandwe?

Mwarobaini na mkungu, kwa sababu vina kivuli cha kweli. Ashoki inapendwa kwa urembo, lakini imesimama kama mshumaa na haimfuniki mtu. Acha mita 8 kati ya mti na mti, shimo la mita 1 kwa 1, mbali na mtaro mita 1.5 ili mizizi isiupasue. Matawi yakatwe hadi kimo cha mita 2.2. Andika kwenye mkataba nani atamwagilia kwa misimu miwili ya kiangazi ya mwanzo. Miche mingi hufa kwa sababu mkandarasi amekabidhi mradi na kuondoka na tenki lake.

## Viwanja, nyumba na wanaoishi humo

10. Nyumba yangu iko mita 200 kutoka kituoni. Nianzie wapi nikitaka kujenga maduka chini na makazi juu?

Anzia kwa afisa mipango miji wa manispaa yako, uombe kuona mchoro wa mipango miji unaohusu kiwanja chako. Ukisoma "makazi" peke yake, unahitaji kibali cha kubadilisha matumizi kuwa makazi na biashara. Utajaza maombi, kusudio lako litatangazwa ili majirani waseme kama wana pingamizi, kamati ya mipango miji itajadili, kisha suala litakwenda wizara ya ardhi. Msingi wake ni Sheria ya Mipango Miji ya 2007.

Baada ya hapo ndipo kibali cha ujenzi: hati, stakabadhi za kodi ya ardhi, michoro ya msanifu majengo, michoro ya mhandisi, na ukaguzi wa zimamoto kwa majengo ya ghorofa. Yanayokwamisha wengi ni mawili. Kwanza, leseni ya makazi si hati. Ni ya muda mfupi na benki nyingi haziipokei kwa mkopo wa ghorofa. Pili, sehemu ya kiwanja imo ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu, kipimo cha Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini vipo vipande ambavyo hifadhi ni pana zaidi. Usitumie kipimo cha jirani. Omba mpaka uonyeshwe na mamlaka ya barabara husika, kwa maandishi.

11. Kuunganisha viwanja na majirani kuna faida gani?

Chukua viwanja 4 vya mita 15 kwa 20, viwili vikitazama mtaa wa mbele na viwili vya nyuma. Tuseme kila kimoja kinaacha mita 3 mbele na nyuma, na 1.5 kila ubavu. Kinabaki na mita 12 kwa 14, yaani 168. Vyote vinne ni 672. Viunganishe viwe mita 30 kwa 40, acha nafasi zilezile kwenye mipaka ya nje tu: unapata 27 kwa 34, yaani mita za mraba 918. Umeongeza zaidi ya theluthi moja kabla hujapanda ghorofa hata moja, na badala ya ngazi nne unajenga mbili, kisima kimoja, mfumo mmoja wa maji taka.

Sheria ya 2008 inaruhusu kila mtu kupata hati ya sehemu yake ndani ya jengo la pamoja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumuuzia mwekezaji na kuhamia Chanika. Kinachovunja mipango hii ni familia ambazo mirathi haijafungwa. Nyumba ya marehemu baba yenye warithi 7, wawili wakiwa nje ya nchi, inaweza kuzuia majirani wote. Malizeni mirathi kwanza, msanifu aitwe baadaye. Na mkataba useme wazi sakafu ya chini ni ya nani, kwa sababu maduka ndiyo yenye pesa.

12. Wapangaji wanalindwaje kodi zikipanda?

Hili ndilo linalotuuma zaidi, na linalosahaulika zaidi. Kituo kikija, mwenye nyumba anapandisha kodi. Mpangaji anayelipa miezi 6 kwa mkupuo anashindwa, anahamia mbali, na sasa anapanda magari mawili kurudi kazini palepale alipokuwa anaishi. Abiria wa uhakika kabisa wa basi ndiye aliyefukuzwa na basi.

Yako mambo yanayowezekana bila kungoja sheria mpya. Manispaa, inapotoa ruhusa ya kuongeza ghorofa, inaweza kudai sehemu ya vyumba iwe midogo na ya bei ya chini. Mashirika ya umma yenye ardhi karibu na njia yanaweza kurudisha wapangaji wa zamani, kama ilivyofanyika Magomeni Kota (swali la 4). Na kila mradi uhesabu wapangaji kabla ya kuanza, kwa majina, si wenye nyumba tu. Asiyeorodheshwa mwanzoni hawezi kudai kurudi.

13. Ardhi yangu ikichukuliwa kwa ajili ya kituo nalipwa nini?

Kwa kanuni za fidia za 2001: thamani ya ardhi na maendelezo yaliyofanyika juu yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi sawa na kodi ya pango kwa miezi 36, posho ya usafiri wa tani 12 kwa umbali wa hadi kilomita 20, na kwa mwenye biashara, faida halisi ya mwezi mara 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba huanza kuhesabiwa.

Faida ya biashara huthibitishwa kwa hesabu. Mwenye duka asiye na daftari wala makadirio ya kodi hulipwa kwa tofali tu. Anza kuweka kumbukumbu leo. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, hesabu vyumba, choo, kisima, ukuta na miti pamoja na mthamini, na usitie saini fomu yenye nafasi tupu.

14. Machinga na mama lishe wawekwe wapi?

Watembea kwa miguu wanapopita, lakini nje ya upana safi (swali la 5). Tenga ukanda wa mita 1.5 kati ya njia na mtaro au ukuta, meza za mita 1.5 kwa 1.2, na acha uwazi wa mita 4 kila baada ya meza 10 ili gari la zimamoto na la taka lipite. Mama lishe anahitaji zaidi: bomba, beseni linalomwaga kwenye mfereji wenye chujio la mafuta, na kivuli. Bila chujio, mafuta ya kukaangia yatagandamana na mchanga na mtaro utaziba kabla ya masika. Soko la ghorofa mita 300 kutoka njiani hubaki tupu, kwa sababu mteja wa mwendokasi ananunua nyanya za elfu moja akiwa anatembea kwenda nyumbani.

## Maji, pesa na mamlaka

15. Mitaa hii itabeba majengo zaidi bila mfumo wa maji taka?

Haitabeba. Jengo la kaya 40 zenye watu 4, kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, ni lita 16,000 za maji safi, na kama asilimia 80, yaani lita 12,800, zinatoka kama maji taka. Hizo ni zaidi ya gari moja la lita 10,000 la kunyonya vyoo kila siku. Ardhi ya Kinondoni na Magomeni, ambako maji ya chini yako karibu na juu, haizinywi zote, hasa masika. Mwisho wake ni bomba la siri kwenda kwenye mtaro wa mvua, lile lile linalopita mbele ya kituo.

Kabla ya kuruhusu ghorofa nyingi, uliza bomba kuu la maji taka liko mtaa gani na limebakiza nafasi kiasi gani. Kama halipo, jengo liwe na mtambo wake mdogo wa kusafisha, na uwe wa pamoja kwa majengo kadhaa. Mitambo ya jengo mojamoja hutelekezwa pampu ya kwanza ikiungua.

16. Pesa za njia, taa na mitaro zitoke wapi?

Kituo hupandisha thamani ya ardhi bila mwenye ardhi kufanya lolote. Hong Kong hutumia hilo waziwazi: shirika la reli hupata haki ya kujenga juu na kando ya stesheni, na mapato ya majengo husaidia kulipia reli. Hapa kwetu kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango maalumu, kwa hiyo nyumba inayotazama kituo hulipa sawa na nyumba ya aina hiyo iliyoko mbali ndani ya mji uleule. Ongezeko la thamani lote hubaki kwa mmiliki.

Njia zilizopo kwa sasa ni kukodisha ardhi ya umma iliyo kando ya vituo kwa mikataba mirefu badala ya kuiuza, kutoza ada kwa ghorofa za ziada, na kufungia mapato hayo kwenye akaunti ya eneo la kituo. Bila akaunti hiyo, pesa huishia kwenye kapu kuu na taa hazifiki.

17. Nani anawajibika kwa nini?

DART husimamia mfumo wa mabasi na vituo. TANROADS ina barabara kuu, TARURA barabara za mitaa, DAWASA maji safi na maji taka, LATRA leseni za daladala na bajaji, manispaa mipango, vibali na masoko. Sehemu inayoharibika daima ni mpaka: mita 5 kati ya ukingo wa barabara kuu na mtaa wa nyuma, ambako kila taasisi inaamini ni za mwenzake. Barua ya serikali ya mtaa iende kwa taasisi zote zinazogusa kipande hicho kwa siku moja, nakala zionyeshwe, pamoja na picha na vipimo vya swali la 3.

## Hali za pekee

18. Kituo kikiwa bondeni?

Jangwani imetufundisha. Mto Msimbazi ukifurika barabara hufungwa na mabasi hayawezi kupita kati ya Magomeni na Fire, hivyo njia nzima hukatika vipande viwili. Karakana ya mabasi iliyojengwa bondeni nayo ilizama zaidi ya mara moja. Mradi wa bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na washirika wengine, umepanga daraja refu, kuhamisha karakana na kufanya sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji.

Kwa anayepanga mji maana yake ni moja: duara la kituo cha bondeni lisijazwe. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Watu wawekwe kwenye miinuko pande zote mbili, na bonde libaki na viwanja vya mpira, bustani za mboga na njia za miguu, vitu vinavyoweza kulowa na kukauka.

19. Kanuni hizi zinafaa stesheni za SGR, yaani reli ya kisasa?

Kwa sehemu. Treni za mikoani, zilizoanza Dar hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, huleta watu wengi kwa mara moja, kisha saa nzima ya utulivu. Abiria ana begi, mtoto na pengine debe la asali. Hatatembea mita 800. Hapo weka mkazo kwenye kuunganisha: basi la mji lisubiri treni, na njia ya kufika kwenye basi iwe ya usawa. Nairobi stesheni kuu ya SGR iko Syokimau, nje ya mji, na inategemea treni ya kuunganisha kwenda katikati. Kwa stesheni za mashambani kama Soga, hatari ni viwanja kugawanywa kwa kasi kabla ya barabara kuchorwa. Chora barabara kwanza, hata kama zitabaki za udongo miaka 10.

20. Njia yetu bado haijajengwa. Tufanye nini sasa hivi?

Kipindi hiki ndicho chenye thamani kuliko vyote, maana mstari kwenye karatasi bado haujagharimu kitu. Pateni mchoro wa vituo, mfanye zoezi la swali la 3 kuanzia pale mlango wa kituo utakapokuwa. Orodhesheni vichochoro vyote vyenye angalau mita 2, mviombee kutambuliwa kwenye mchoro wa mipango miji wa mtaa, na kukubaliana kimaandishi na wenye kuta kwamba havitazibwa. Hesabuni wapangaji na wafanyabiashara kwa majina. Ombeni vivuko vya chini viandikwe kwenye michoro ya mkandarasi kabla ya zabuni, pamoja na mahali pa boda na bomba la mama lishe, kwa sababu baada ya zege kumwagwa kila sentimita inayobadilishwa inahitaji bajeti mpya. Na mtaro wa nyuma ya kituo uchimbwe kina kwa kufuata mahali maji yanapokwenda, si unapoishia mpaka wa mradi.